Mita Tisa za Mama Mkwe

Enzi zile za ruksa kila kitu kiliruhusiwa mjini kwetu Sumbawanga: mitumba, redio za kaseti, sabuni za kila rangi. Kilichokataliwa kilikuwa kimoja tu, nacho ni chumba cha mama mkwe wangu.

Mume wangu aliuza mitumba mtaa wa Majengo, mimi nilifundisha hisabati darasa la sita. Tulikuwa na watoto watatu na nyumba ya vyumba viwili na sebule. Mama yake aliishi peke yake kijijini Kasense, na miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Nilikuwa naogopa siku atakayoanguka kisimani pasiwe na wa kumwinua. Lakini kila tulipomwita alijibu kwamba hatakuja mjini kulala sebuleni kama mtu aliyefuata msiba. Nilimpenda yule mama, na alikuwa na haki. Tukaamua kumwongezea chumba cha mita tatu kwa tatu.

Ofisi ya ardhi tulimkuta bwana mmoja wa pwani, mpole, koti limefungwa hadi shingoni, akilalamikia upepo wetu kana kwamba sisi ndio tulioufungulia.

"Mwalimu," alisema, "majengo yote kwa pamoja yasizidi theluthi moja ya kiwanja."

"Majengo ni yapi?"

"Chochote chenye kuta na paa."

Nyumbani nilichukua chaki nikaandika kwenye sakafu. Kiwanja chetu kilikuwa mita kumi na mbili kwa kumi na tano, yaani mita za mraba mia na themanini, na theluthi yake ni sitini. Nyumba ilikula arobaini na mbili, jiko la nje tisa, kihenge cha mahindi nne, choo tatu, banda la kuku mbili. Nikajumlisha: sitini kamili. Kwanza nilifurahi, maana hesabu isiyo na baki ni raha ya mwalimu. Kisha nikaelewa kwamba hatuwezi kuongeza hata kiota.

Mume wangu aliinama juu ya ile chaki. "Amesema chenye paa," akanena.

"Amesema kuta na paa."

"Ndiyo hivyo. Choo, kihenge na banda ni mita ngapi?"

"Tisa."

Alikuwa ameshachukua nyundo. Hadi jioni bati za choo zilikuwa chini, na nyasi za kihenge na za banda la kuku pia. Mahindi tukayahamishia sebuleni kwa magunia. Kuku wakahamia juu ya marobota ya mitumba, ambako jogoo alichagua makoti ya sufu. Na mvua za kwetu Ufipa, ambazo hazina subira, zikaanza wiki ileile.

Chooni tulikwenda na mwavuli. Tuliutundika kwenye msumari mlango wa nyuma, na usipokuwepo ujue kuna mtu. Mtoto wetu wa kati aliwahi kujisahau nao huko nusu saa akiimba, na sisi wengine tukasimama mlangoni tumebana magoti. Nilimwambia mume wangu maneno ambayo sitayaandika hapa. Yeye alinijibu kwa utulivu kwamba ni kwa ajili ya mama.

Bwana ardhi alikuja kukagua, kabla ya kutupa kibali, siku ya mvua kubwa. Alipima, akaandika, akanywa chai akiwa amekaa juu ya gunia, kisha akauliza kwa adabu mahali pa kujisaidia. Mume wangu akampa mwavuli. Yule bwana akautazama, akatutazama, akaenda. Aliporudi suruali ilikuwa imelowa kuanzia magotini kushuka.

"Mwalimu," aliniambia mimi, si mume wangu, "mnarudisha bati leo. Na kuta zikibaki, jengo limebaki. Mkitaka mita tisa, vunjeni kitu chote."

Choo hakivunjwi. Kihenge na banda vilifika sita tu. Kilichobaki kilikuwa jiko, mita tisa zake safi, tatu kwa tatu. Tukalivunja Jumamosi moja, kibali kikatoka, chumba kikajengwa. Mimi nikawa napika ugali uani kwenye mkaa huku upepo ukinipulizia majivu machoni, na ule mwavuli sasa ukilinda sufuria. Nilivumilia. Chumba kilikuwa kizuri kweli: sakafu ya saruji, dirisha la vioo, kitanda cha mninga.

Mama mkwe alifika mwezi wa sita, baridi ikiwa imekaza, nyuma ya pikapu. Alileta blanketi, jembe, kuku mmoja, na gunia zito lililowashinda wanangu wawili kulibeba. Ndani yalikuwamo mafiga yake matatu, mawe meusi ya umri wangu.

Tulimpeleka chumbani. Akagusa ukuta, akagusa kitanda, akakanyaga saruji kwa unyayo na kuuondoa haraka.

"Pazuri, wanangu. Asanteni sana," alisema. "Sasa jikoni ni wapi, niweke vitu vyangu?"

Nikamwonyesha mkaa wangu uani, chini ya mwavuli.

"Mimi nalala jikoni, mkwe wangu. Wazee wote tunalala penye moto. Huyu hakukwambia?"

Nilimgeukia huyu. Alikuwa anachunguza dari. Baadaye alijitetea kwamba miaka yote alidhani mama yake analala jikoni kwa kukosa chumba. Nilikuwa nimepima kila kitu katika kiwanja kile, hata kuku, na sikumuuliza mama swali moja. Nilicheka hadi nikakaa chini, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Mama hakucheka wala hakukasirika. Alichukua mafiga yake, akayapanga juu ya saruji yetu mpya, akawasha moto. Mume wangu alipanda juu kutoboa tundu la moshi bila kuambiwa.

Bwana ardhi alirudi kukagua chumba kipya alasiri moja ya upepo. Alipiga hodi sebuleni, asimwone mtu, akafuata moshi. Alitukuta wote sita tumebanana tukichoma mahindi. Mama akamsogezea kigoda na hindi. Yule bwana alifungua koti kifungo kimoja, kisha cha pili, akafungua faili.

"Mlivunja jiko, mita tisa," alisoma. "Mkajenga..." Akatazama mafiga, masizi ukutani, kitanda cha mninga. "Hiki niandike nini?"

"Jiko," mama alimjibu. "Sogeza mguu, mwanangu, utaungua."

Akasogeza mguu, akaandika. Hakuondoka hadi jua lilipozama, na zile mita hamsini na moja nyingine za majengo tuliwaachia kuku.