Mama Alikuwa Ng'ambo Mpaka Ulipofungwa

Mama alivuka mpaka wa Sirari kwenda kumzika kaka yake upande wa Kenya, akiwa na mfuko mdogo wa nguo na kanga ya kulalia. Baba alimsindikiza hadi barabarani, hapo kwetu Nyarero, akitembea kwa fimbo. Alikuwa amepata kiharusi, na ingawa ulimi ulikuwa umerudi, mguu wake wa kushoto ulikuwa bado mzito. Mama aliniachia kazi ya kumpa dawa na kumkorogea uji wa ulezi. Akaniambia nisiuache uji uwe mzito, baba atapaliwa.

Nilikuwa nimerudi kwa wazazi baada ya ndoa yangu kuvunjika. Wakati huo ilikuwa imelipuka rashi, kama wachimbaji wanavyoita mbio za kukimbilia dhahabu mpya, kwenye mashamba yaliyo nyuma ya kilima chetu. Mtu alikuwa amechimba choo akaona jiwe linalong'aa, na kabla ya wiki kwisha mihogo ya jirani ilikuwa imeng'olewa na mahema ya maturubai yamesimama mahali pake. Mdogo wangu wa kiume aliingia kuchimba. Mimi nilipika ugali na maharage nikiwauzia wachimbaji. Asubuhi namwandaa baba, mchana nashinda kwenye moshi, jioni narudi kwake.

Tulikuwa tumeshasikia habari za ugonjwa ule wa mapafu. Kwenye rashi watu walinawa kwenye ndoo siku za mwanzo, halafu ndoo zikageuzwa za kubebea mchanga. Upande wa pili mambo yalikuwa makali. Mama alipiga simu baada ya mazishi, akasema huko hawatembei jioni, kanisani hawaendi, na sasa imetangazwa kwamba mpaka umefungwa. Malori ya mizigo tu ndiyo yanapita.

"Watafungua lini?" nikamuuliza.

"Wamesema tungoje watangaze."

Tukangoja. Ilipotangazwa, ilitangazwa kwamba muda umeongezwa. Mama alisikiliza redio ya mke wa marehemu mjomba, na kila baada ya tangazo alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa akae kwenye benchi ya zahanati, daktari anakuja. Hakulalamika. Alitaka tu kujua kitu kimoja, nacho hakikusemwa: wanaangalia nini? Mmoja alimwambia wanangoja wagonjwa wapungue Nairobi. Mwingine akasema wanangoja Tanzania nayo iseme ina wagonjwa wangapi. Dereva wa lori alimwapia kwamba mpaka utafunguliwa shule zikifunguliwa. Kila neno mama alilipokea, akalibeba kwa siku kadhaa, kisha likaanguka.

Mtu wa kwetu atauliza kwa nini hakupita njia za panya. Nilimuuliza hilohilo. Mpaka wetu unajulikana. Kuna mashamba ambayo mahindi yako Kenya na jiko liko Tanzania. Mdogo wangu alikuwa tayari kwenda kumchukua.

"Nikija na ugonjwa nikampa baba yako je?" mama akasema. "Mtu mwenyewe ni mgonjwa. Wao wana wataalamu, wanaona tusiyoyaona. Wakifungua, nitajua hatari imepungua."

Alikuwa anafikiri kama mke, na mtu hawezi kumlaumu mke kwa hilo.

Baba naye hakuwa na subira ya mama. Alianza kuuliza habari zake asubuhi na jioni. Aliniambia uji wangu una mabonge, na kweli ulikuwa nayo. Mwisho akasema anataka kumwona, hata kama ni kwa mbali. Tukamkodia gari la mtu wa Nyamisangura, tukaenda Sirari. Mama na mke wa mjomba walikuwa wamefika upande wao. Kati yetu palikuwa na kizuizi, malori mengi, na askari. Nilimshikia baba simu sikioni, mama naye akashika yake, wakawa wanaongea huku wanatazamana ng'ambo na ng'ambo kama watu walio kwenye kingo mbili za mto.

"Umekonda," baba akasema.

"Ni jua tu. Wewe unakula?"

"Nakula. Huyu mtoto hajui kupika uji."

Nilimwona mama akicheka, mkono mdomoni, ingawa sauti ya kicheko niliisikia kwenye simu tu. Baba akainua fimbo yake juu kidogo, akaishusha.

Askari mmoja kijana wa upande wetu akatusogelea. Alimwamkia baba shikamoo kwa heshima, akatuomba tusikae barabarani.

"Mura," baba akamwambia, kama wazee wetu wanavyomwita kijana, "mwenye ufunguo wa hapa anangoja nini?"

"Mzee, wamefunga wenzetu. Na hata wao wanasema hawajaambiwa."

"Hata wewe hujui?"

"Hata mimi. Mke wangu yuko Isebania, hapo ng'ambo."

Baba akampa kijana yule pole.

Karibu na siku hizo duara moja kwenye rashi lilititia na kumuua mchimbaji, mtu wa Serengeti aliyekuwa akila kwangu kila mchana. Duara ni shimo la kuchimbia, na lile lilikuwa ndilo lenye mali kuliko yote. Mwenye duara alilifunga siku hiyohiyo. Wachimbaji wakakasirika, maana walikuwa wameacha familia mbali na walikuwa wamefika penye mwamba mzuri. Akawaita wote mbele ya jiko langu. Akawaambia halitafunguliwa mpaka maji yaishe chini, mpaka matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta, yabadilishwe yote, na mpaka watu wawili watakaochaguliwa na wachimbaji wenyewe washuke walikague. Mvua ikinyesha tena kabla ya hapo, wataanza upya kungoja. Walinung'unika. Lakini kila asubuhi nilikuwa naona wanakwenda ukingoni kuchungulia maji, wanarudi wakiambiana yamefika wapi. Wengine walipoona mawingu walifunga mizigo wakaenda kwao Ikoma kulima kwanza.

Nilimsimulia baba. Akasikiliza, akasema, "Hao wanajua wanachongoja. Anayejua anaweza kuamua akae au aende."

Ndilo lililoniuma, kwa sababu sisi hatukuweza kuamua lolote. Laiti mama angeambiwa kwamba ni mpaka wagonjwa wafike kiasi fulani, angepiga hesabu yake, akaona ni mbali, akatafuta namna ya kupimwa na kuja. Au angeambiwa wazi kwamba hata wao hawajui. Hilo nalo ni neno, mtu unaweza kulitegemea. Yeye aliongezewa muda, akaongezewa tena, na kila mara ulionekana mfupi kiasi cha kumfanya angoje.

Baba alipata kiharusi cha pili akiwa amekaa uani anaota jua. Nilikuwa nimeinama kuchochea moto. Nilipogeuka, fimbo ilikuwa chini na yeye ameinamia upande. Tulimpeleka hospitali Tarime, hakuzungumza tena. Nilimwekea simu sikioni, mama akawa anamwita kwa jina alilokuwa anamwita walipokuwa vijana, jina ambalo sisi watoto hatukuwahi kulisikia. Sijui kama alisikia. Macho yake yalikuwa wazi. Alifariki asubuhi iliyofuata.

Mama alisema anakuja, liwalo na liwe. Akaanza safari na mpwa wake kwa njia ya mashambani, mvua ikiwa imenyesha. Wakakutana na doria, wakarudishwa. Walimwambia mama aende pale mpakani akaombe kibali. Alikwenda, akasimama tangu asubuhi, akaambiwa anayetoa kibali hayupo.

Tulimzika baba bila yeye. Pale ambapo mke hukaa karibu na marehemu, alikaa mke wa baba mdogo. Mdogo wangu alinyoosha mkono wenye simu juu ya kaburi ili mama asikie nyimbo na sala. Udongo ulipoanza kuanguka, nilimwambia aikate ile simu. Sikutaka mama abaki na sauti ile. Baadaye aliniambia alikuwa ameisikia.

Haikupita muda, mpaka ukafunguliwa. Tulisikia kwa wauza nguo wa soko la Sirari waliopita wakishangilia. Nilikwenda kumpokea mama, nikavuka hadi upande wa pili. Alikuja akitembea polepole, mfuko uleule begani, na alipofika kwa ofisa aliyekuwa anakagua watu upande ule, hakupita moja kwa moja. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Baba," akamwambia ofisa, kwa adabu kabisa, "ugonjwa umeisha?"

"Haujaisha, mama. Uvae barakoa."

"Umepungua?"

"Siwezi kujua, mama."

"Sasa mmeona nini mpaka mkafungua?"

Ofisa alitazama foleni nyuma yake. Akasema wamepokea maelekezo. Hakusema kwa ukali. Nadhani angekuwa na jibu angempa.

"Haya," mama akasema. Akasimama kidogo, kama mtu anayekumbuka kitu alichosahau nyumbani. "Kumbe ningekuja tu."

Nilimshika mkono, tukavuka.

Nyumbani hakuingia ndani kwanza. Alikwenda kaburini, akakaa chini kwenye udongo, viatu miguuni, na hakulia kwa sauti kama wanawake wa kwetu wanavyolia. Majirani walikuja wakaona hivyo, wakakaa naye. Jua lilipopungua alisema anataka maji ya kunywa.

Tangu hapo sijamsikia akilaumu serikali yoyote. Wageni wakija kumpa pole wakasema ni kazi ya Mungu, anaitikia. Lakini amekuwa mtu wa kuuliza. Zahanati wakimwambia arudi Jumatatu, anauliza Jumatatu kutakuwa na nini ambacho leo hakipo. Mwenyekiti wa kijiji alipofunga kisima kwa matengenezo, mama alikwenda kwake, akamwamkia, akakaa, akakataa chai, akamwuliza atajuaje kwamba maji yamekuwa salama, na watu watamjuaje yeye kwamba amejua. Mwenyekiti alikasirika. Mama akaendelea kukaa.

Rashi ilihamia mbali, na yale mashamba yamebaki mashimo. Jirani amejaribu kupanda mihogo katikati yake. Mimi bado napika, sasa Turwa, kwenye kibanda chenye bati. Mama haji huko. Anasema akitoka nyumbani hajui atazuiwa wapi, basi mimi ndiye ninayekwenda kwake kila Jumapili, na tunakula pamoja.