Siku Mdogo Wangu Aliposhindana na Wazungu Ikoma

Kabla mdogo wangu hajajua hata kuinua baiskeli iliyoanguka, mimi nilikuwa napandisha nayo mlima wa Kewanja nikiwa na madumu manne ya maji kwenye keria. Naanza na hilo ili lijulikane mapema. Siku hizi akitajwa nyumbani kwetu, watu husema nyota njema huonekana asubuhi. Asubuhi hiyo nilikuwepo, na aliyekuwa juu ya baiskeli ni mimi.

Ilikuwa miaka ya dhahabu. Baba aliacha shamba letu la Itiryo akatuhamishia karibu na machimbo, kama walivyofanya wanaume wengi wa kwetu. Alishuka kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, mpaka kifua kikaanza kumsumbua, na katika kushuka kote huko alipata mawe mazuri mara moja tu. Mara hiyo moja ikatupa nyumba ya bati na baiskeli ya kiume, ile nzito yenye bomba la juu. Kaka yetu hakuitaka kwa sababu alitaka pikipiki. Waliokuwa wanaosha mawe walihitaji maji, na mto ulikuwa bondeni, kwa hiyo mimi nikawa mtu wa maji. Msichana juu ya baiskeli ya kiume alikuwa kichekesho. Wanawake waliniambia nitakosa mume, na wanaume waliniambia mengine ambayo siyaandiki hapa. Sikujali. Nilikuwa na miguu, na hata vijana waliobeba viroba vya mawe walinikubali.

Kwetu kuna jambo moja kuhusu mlima. Mtu akipandisha na mzigo, aliye karibu anaacha anachofanya na kuja kumsukuma kwa nyuma. Hamsalimiani kwanza. Huulizi ni wa ukoo gani, hata kama ukoo wake na wako jana walikuwa wanaibiana ng'ombe. Unasukuma mpaka tambarare, unageuka, unaendelea na shughuli zako. Anayesimama na kuangalia tu atasemwa mpaka mavuno. Mdogo wangu, yule niliyemwachia ziwa, ndiye alikuwa akinisukuma mara nyingi, kamasi zikimtoka, na jioni nilimlipa kwa kumfundisha kuendesha. Nilimwachia ziwa, na baadaye nikamwachia baiskeli, ingawa baiskeli sikuiacha kwa hiari yangu.

Alikuja mwanamume aliyepata dhahabu nyingi kuliko baba. Akanunua ng'ombe, akawaswaga mpaka kwetu. Ng'ombe walikaa zizini kidogo tu, wakatoka tena kwenda kumlipia kaka yangu mke. Ndivyo inavyokwenda kwetu, dada anaingiza na kaka anatoa. Sikuulizwa, wala sikutegemea kuulizwa. Nilichotegemea ni kwamba siku ya kuondoka mama atatoka nje. Shangazi zangu wadogo waliimba, majirani walipiga vigelegele, wakwe walikuwa wamejaa uani, na mlango wa nyumba yetu ulikuwa umefungwa. Mama alikuwa ndani na hakutoka. Hilo lilinikaa rohoni kuliko ng'ombe, na kuliko mume mwenyewe, ambaye kwa kweli si mtu mbaya, ni mtu tu aliyezoea kuamini kwamba kesho atapata mawe.

Nilisikia kwamba kesho yake asubuhi mdogo wangu alipanda baiskeli.

Miaka ikapita. Duara la mume wangu lilijaa maji, tukarudi kulima upande wa Itiryo, nikazaa, nikazaa tena. Ng'ombe wengine walipoletwa nyumbani kwa ajili ya mdogo wangu, mama alimwambia baba, "Huyu bado." Maneno mawili tu, na baba akawarudisha ng'ombe. Niliposimuliwa niliacha kupepeta mtama nikakaa chini. Mimi sikuwa bado? Nilikuwa nimeiva kiasi gani, hata mama akakosa maneno mawili ya kuniombea?

Huyo aliyekuwa bado akaenda Ikoma kufua mashuka kwenye hoteli ya watalii karibu na lango la hifadhi, na baiskeli yetu akaenda nayo. Kila siku alipandisha kilima kwenda kazini, mpaka mtu mmoja wa kuongoza wageni akamwona akimpita mzungu aliyekuwa kwenye baiskeli ya gia kumi na kitu. Yeye na wenzake wakamjaribu. Wakampa baiskeli nyepesi ambayo unaweza kuinyanyua kwa mkono mmoja, wakampa kofia ngumu na viatu vinavyonasa kwenye pedali. Kisha tukasikia kuna mashindano ya kimataifa ya baiskeli za milimani yanakuja Serengeti, na yumo.

Mama alinifuata mpaka kwangu tuende wote. Mume wangu alicheka. "Mtu anapanda lori kwenda kuangalia baiskeli?" alisema, lakini aliniruhusu. Nilimfunga mtoto mgongoni, tukapanda lori la mahindi mpaka Mugumu, tukamalizia safari na gari la padri. Njia nzima mama alikuwa akiwaambia watu, "Tunaenda kumwona binti yangu." Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, bega kwa bega naye, na hakuna aliyeniuliza ni binti wa nani.

Wivu ni kitu cha kuona aibu, najua. Tulifundishwa kanisani na tulifundishwa nyumbani. Lakini nilifika pale Ikoma nikaona tepe zimefungwa kwenye miti, turubai jeupe, spika kubwa, askari wa wanyamapori na bunduki zao wakiangalia nyati wasije wakaingia njiani, na watu wa mataifa wamejaa, Wazungu, Wakenya, Wahabeshi, wote wamekuja kwa sababu ya baiskeli. Niliona kijicho waziwazi, tena cha kuchoma. Nilimwonea wivu kwa jezi yake ya njano. Nilimwonea wivu kwa tumbo lake ambalo halijabeba mtu. Alipotupungia mkono kutoka kwenye mstari wa kuanzia, nilimpungia nikitabasamu, na moyoni nilimwambia pedali hizo ni zangu.

Tulikwenda kukaa pale walipokaa watu wengi, kwenye mlima wa mawe ambao waendeshaji wangepanda kabla ya kumaliza. Wanaume walitangulia kupita. Walikuja wakihema, matope mpaka kwenye meno. Katikati yao alikuwepo kijana mmoja wa Mugumu ambaye wengi pale walimfahamu. Alipofika kwenye mawe, tairi likateleza, akasimama. Hakuna aliyefikiri. Watu wakaruka tepe, wanaume kwa wanawake, wakamshika baiskeli, wakamshika kiuno, wakimwita kijana kwa Kikurya, "Mura, panda! Panda, mura!" wakampeleka juu kwa wimbo. Walikuwa wanarudi wakijipangusa matope, wameridhika, wakati mzungu mmoja aliyevaa fulana nyekundu alipopuliza filimbi, akamsimamisha yule kijana na kumvua namba yake.

Watu walikasirika sana. "Kumsaidia mtu ni kosa?" mzee mmoja aliuliza. Spika ikalia, mtangazaji akasema kwa Kiswahili, "Ndugu zangu, tafadhali. Mwendeshaji haguswi. Akisukumwa na mtu yeyote, hata ndugu yake, ametolewa mashindanoni." Yule kijana alikuwa amekaa kwenye jiwe, uso kwenye magoti. Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, alinitaka nimweleze kwa Kikurya. Nikamweleza yote, neno kwa neno.

"Sheria ya watu wasio na milima," alisema.

"Ndiyo sheria yao, mama."

"Wamekuja nayo kwenye mlima wetu?"

Nilimwambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Hakucheka.

Wanawake wakaanza kuja. Mkenya mmoja mrefu alipita kama hana habari na mlima. Akapita mzungu. Halafu nikaona jezi ya njano inatoka kwenye miti, na mama akasimama na kuanza kupiga vigelegele, na wote waliotuzunguka wakapiga naye. "Ni wangu!" aliwaambia. "Yule ni wangu, nimemzaa mimi!" Nilikuwa namnyonyesha mtoto. Nilimrudisha mgongoni nikakaza kanga, nikasimama nami, kwa sababu ungekaa ungeonekana.

Alikuja vizuri. Lazima niseme ukweli, alipandisha vizuri kuliko nilivyokuwa nikipandisha mimi, au tuseme vizuri sawa na mimi kama ningepewa baiskeli ile. Alipofika kwenye yale mawe, tairi la nyuma likazunguka bure, baiskeli ikalala, naye akaanguka upande, goti likapiga jiwe. Nyuma yake mzungu mwingine alikuwa anakuja, amevaa bluu, meno nje. Mdogo wangu aliinuka, akaweka baiskeli begani, akapanda hatua mbili, akateleza tena. Alitazama juu, upande wetu. Sijui kama alituona. Uso wake ulikuwa ule ule wa kamasi.

Mama alitoka. Sikuwa nimejua kama bado anaweza kukimbia. Alipita chini ya tepe, kanga ikamdondoka, alikuwa anamwendea mtoto wake mikono imenyooshwa mbele, tayari kwa kusukuma, na watu hawakumzuia, maana nani anamzuia mama?

Nilimzuia mimi. Nilimdaka mkono kwa nyuma, nikamzungushia mkono wangu wa pili kifuani, nikambana. Alipiga mateke. Alinitukana kwa jina la baba yake. Mtoto mgongoni kwangu alilia, watu walipiga kelele, wengine wakinisifu, "Mshike, dada! Mshike, asiharibu!" Wote walidhani naulinda ushindi wa mdogo wangu.

Sikuwa nalinda ushindi wa mtu. Kilichonijia kichwani wakati ule ni kitu kimoja tu, nacho nitakisema. Huyu mwanamke hakutoka hata mlangoni nilipokuwa napelekwa. Kama miguu ya kukimbia ilikuwepo, ilikuwa wapi? Hatamkimbilia yeye mbele yangu. Kwa hilo nilimbana mpaka nikahisi mifupa yake.

Mdogo wangu aliweka baiskeli chini, akarudi nyuma hatua moja, akachagua njia nyingine pembeni ya mawe, kushoto, akapanda peke yake. Yule wa bluu hakumfikia. Alimaliza wa tatu.

Sherehe ilikuwa kubwa. Alivishwa medali, akapigwa picha na watu asiowajua, meneja wa hoteli yake akamkumbatia. Alipotupata alikuwa anachechemea, na kabla ya kumsalimia mama alinirukia mimi shingoni na tope lake lote.

"Dada, nilimwona mama anakuja," alisema. "Nikasema basi, nimekwisha. Kumbe upo. Nani mwingine angethubutu kumshika mama?"

Nilitaka kumwambia. Nilifungua hata mdomo. Lakini alikuwa analia, na wakamwita tena kwa ajili ya picha, akaenda, na nilibaki na tope lake kwenye blauzi yangu nzuri. Nitasema kitu cha ajabu: shukrani yake iliniuma kuliko medali. Medali walau nilikuwa na haki ya kuichukia.

Mama alikuwa amekaa kwenye nyasi, kando ya gari la padri, anajisugua mkono juu ya kiwiko, pale vidole vyangu vilipokuwa vimeacha alama. Nilikaa karibu naye. Nilimwambia anisamehe, ilikuwa ni sheria, wangemtoa mtoto. Alimchukua mwanangu, akampakata, akamfuta machozi kwa pindo la kanga.

"Una mikono ya shangazi yako," alisema, kwa Kikurya.

"Yupi?"

"Yule mkubwa. Alinibana hivi hivi. Yeye huku, mwenzake huku, na mwingine ameegemea mlango. Walisema mama akitoka akalia mbele ya wakwe, binti hataondoka, na ng'ombe wa kaka yako watarudi." Alimgeuza mtoto begani, akawa anampigapiga mgongo. "Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Ulifika langoni, ukageuka, ukaangalia nyumba. Halafu wakakushika mkono, ukaenda."

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba niligeuka.