Mama Usifunge Aumwa na Kifutu

Kwa miaka kumi na minane alisafisha vidonda katika chumba cha mwisho cha kituo cha afya, chenye dirisha lisilofungika. Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu; watu walimwita Mama Usifunge. Kila aliyeletwa ameumwa na nyoka, mguu umekazwa kwa kamba au mpira wa baiskeli, alipokewa kwa ukali uleule: "Usifunge! Nani kawaambia mfunge?" Kisha, huku akiikata kamba, anatoa somo. Sumu ya kifutu inameng'enya nyama kama tumbo linavyomeng'enya chakula. Inatoboa vimishipa, damu na maji vinavuja, mguu unavimba. Ukiufunga, sumu inabanwa palepale na damu safi haifiki. Nyama inaoza.

Mumewe, fundi seremala, alikuwa amelisikia somo hilo mezani mpaka akawa anatafuna kwa kulifuatisha.

Jumamosi moja mchana, mama alikwenda nyuma ya nyumba kuchukua beseni kwenye mbao za mumewe. Akapeleka mkono bila kutazama. Kifutu alikuwa amejilaza pale, akamgonga mkono wa kushoto, karibu na kidole gumba.

Unadhani mtaalamu alifanya nini? Alipiga yowe, akavua kilemba, akajifunga mkono kwa kuvuta na meno. Mafundo mawili.

Seremala akatoka mbio, randa mkononi.

"Mama watoto, usifunge."

"Nyamaza! Njoo ukaze hapa!"

"Ukikaza, unaitandikia sumu kitanda."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Wewe. Tangu hatujapata mtoto. Kaa chini, usihangaike."

Akafungua mafundo, akamvua pete kabla uvimbe haujaibana, akaulaza mkono juu ya ubao usitikisike, kisha jirani akawakimbiza hospitali kwa gari lake.

Walipofika, mkono ulikuwa umevimba hadi kiwikoni, umejaa malengelenge. Dawa ya kupambana na sumu ya nyoka iliokoa maisha yake, lakini haikurudisha nyama iliyokwisha kufa. Sehemu ya ukubwa wa kizibo cha soda ikawa nyeusi. Daktari akaikata, akaiziba kwa ngozi ya paja.

Wodini aliwasumbua wauguzi kwelikweli.

"Mwanangu, lowesha chachi kwanza ndipo uibandue."

"Mama, leo wewe ni mgonjwa."

Hata hivyo, siku bandeji ilipofunguliwa mara ya kwanza, alilia. Vidonda alivyoviona havihesabiki. Hiki kilikuwa chake.

Alirudi nyumbani kidole gumba hakikunjiki sawasawa, akamkuta mumewe ameketi kama daktari bingwa, akimbonyeza tumbo jirani aliyekuja kuulizia dawa ya kiungulia.

"Ukibonyezwa hapa unasikiaje?" seremala aliuliza, amekunja uso.

"Daktari," mama akasema kutoka mlangoni, "kuna meza inakusubiri huku. Imevunjika mguu."