Jani la Isale na Kopo la Mwani

Admin, fikisha kilio changu kwa wenzangu ila jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, Mchaga, nimeolewa na nina watoto wakubwa. Nina fremu ya vitenge hapa Kariakoo. Nilianza kwa kutandika chini pembeni ya barabara, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mtaji kidogo akaja kujaribu bahati yake. Mgambo walinifukuza na kesho yake nikarudi, kwa hiyo msidhani mimi ni mtu wa kulialia. Leo nalia kwa sababu ya jani.

Mwaka jana siku zangu zilianza kuruka miezi, kisha likaja joto. Majirani zangu wa dukani wakacheka wakaniambia karibu kwenye chama. Hapa kwetu mwanamke akifika umri wangu haumwi tena, kila kitu ni umri. Usingizi umekata, ni umri. Moyo unakimbia nikiwa nimekaa kwenye kiti, ni umri. Nagombana na wateja wa jumla mpaka wanahama, umri huo huo. Nikaanza kukonda huku nakula kumshinda mbeba mizigo, hapo wakaacha kucheka wakaanza kunong'ona. Nilienda kupima ule ugonjwa waliokuwa wanaufikiria, nikakutwa sina.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyenipokea mjini nilipoolewa. Ananipenda, sitamsingizia. Anauza unga wa mwani unaotoka Zanzibar, akaniletea kopo kubwa akisema linarudisha homoni za wanawake waliokoma hedhi. Nikawa nachanganya kwenye uji asubuhi na jioni. Hali ikazidi. Mikono ilitetemeka mpaka mkasi ukawa unaenda upande nikikata kitenge, na nilikuwa nalia bila sababu.

Siku moja tulialikwa harusini nikatoa gauni langu la sare ya zamani, lina kola. Kiunoni lilikuwa linacheza, mabega yanaanguka, lakini kifungo cha shingoni hakikufunga. Nimeshika nguo maisha yangu yote. Mtu anayekonda hanenepi shingo. Nikasogea kwenye kioo, nikameza mate, nikaona uvimbe unapanda na kushuka. Harusini sikwenda.

Daktari alikuwa binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Aliniamkia vizuri, akanisikiliza mpaka nikamaliza, akachukua damu. Majibu yalipotoka aliniambia, "Mama, umri wako upo, sikatai. Lakini kinachokukimbiza moyo siyo umri."

Akanieleza kwamba tezi yangu ya shingo, ile wanayoiita thairoidi, inafanya kazi kupita kiasi. Dalili zake na za kukoma hedhi zinafanana sana, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, ndiyo maana bila kipimo cha damu unaweza kudanganyika. Ila joto la kukoma hedhi huwa linakuja na kupita, langu lilikuwa halitoki. Na kukonda huku nakula, mikono kutetemeka na shingo kuvimba, hayo yalipaswa kunishtua mapema. Akaniuliza natumia nini kingine. Nilipotaja mwani akaweka kalamu chini. Alisema mwani una madini joto mengi, yale yale yanayowekwa kwenye chumvi, na kwa tezi kama yangu yanaweza kuchochea ugonjwa. Niache siku hiyo hiyo, ninywe vidonge bila kuruka, la sivyo moyo unaweza kushindwa.

Nilimwambia mume wangu, naye akamwambia dada yake. Wifi akaja dukani analia. "Nimekulea kama mdogo wangu, leo nimekulisha sumu?" Ningenyamaza yangeisha. Lakini nilipandwa na hasira, nikalitupa kopo lake nje mbele ya wateja, unga ukamwagika barabarani. Sasa ukoo mzima unasema hizo hasira ndizo umri wenyewe, na huyo daktari ananitafutia ugonjwa. Mume wangu anakula kwa dada yake, akirudi ananipita kama mpangaji.

Juzi mama mkwe ametuma jani la isale kwa basi kutoka Moshi. Kwa wasiojua mila yetu, isale ndiyo msamaha wenyewe. Ukiletewa, hata kama mtu alikuumiza vipi, unapokea na yanaisha. Kuikataa ni kujitafutia laana. Pamoja na jani kulikuwa na kopo jipya la mwani. Jumapili baada ya ibada ndugu wa mume wangu watakuja nyumbani, wifi atanikorogea uji mwenyewe, ninywe mbele yao ndipo tupatane.

Nilimwomba mume wangu nipokee jani, uji niuache. Hakunitazama. "Mama Happy, ni kikombe kimoja tu. Mama yangu ni mzee, isale yake hairudishwi."

Ndugu zangu, hakitakuwa kimoja. Nikinywa nimekubali kwamba wao ndio walikuwa sahihi, na kesho yake kitakuja kingine, na vidonge vyangu nitakuwa navimeza chooni nyumbani kwangu mwenyewe. Nisipokunywa, nimeitupa isale ya mama wa miaka themanini, na kwenye harusi za wanangu hakuna mtu wa upande wa baba yao atakayekanyaga. Nampenda mume wangu. Nampenda hata huyo wifi. Na naogopa kufa, naogopa sana.

Jani nimelitia kwenye glasi ya maji mezani, bado ni bichi. Wachaga wenzangu, na yeyote aliyepita hapa, nishaurini: nalipokeaje jani bila kukinywa kikombe? Nitukaneni mkitaka, kopo nililitupa kweli. Ila nawaomba kitu kimoja, msiniambie ni umri.