Kimya Kilichonirudishia Usingizi

Amani iwe kwenu, ndugu zangu. Mimi ni Felista, mwalimu. Miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha Mandera, mzima wa afya, mcheshi, mpenda chakula.

Siku moja, tukisafiri kwenda Garissa, majambazi walilimiminia risasi lori letu. Jirani yangu Habiba, niliyesafiri naye, alinivuta chini, akanilalia. Dereva alikufa. Sisi hatukupata hata mchubuko.

Ila tangu hapo niliugua. Mlango ukibamizwa, mkojo ulinitoka. Nilitapika nilichokula, kifua kikabana, usingizi ukanikimbia kabisa. Daktari wa Garissa alinipima akasema, "Mwalimu, moyo wako hauna kasoro. Ni hofu. Usikae nayo peke yako." Dawa alizonipa zilinituliza kidogo tu.

Ndipo Sista Agnes wa misheni akanialika kwenye mafungo ya kimya. Nilifikiri nitapumzika. Wapi! Wengine walipozama katika sala, mimi nilisikia risasi, na dereva akikoroma, damu ikimjaa kooni. Nikafunga mkoba.

Sista, aliyekuwa akituongoza, alinikuta mlangoni. "Unakwenda wapi?"

"Sista, hiki kimya kitaniua."

"Usijilazimishe kusali vizuri. Mwambie Mungu hayo unayoyasikia, jinsi yalivyo."

Nikaingia kanisani, nikakaa mbele ya Ekaristi. Nilimweleza Mungu yote moyoni, hata ile harufu ya damu. Nikalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile, makamasi yakinitiririka. Nilipotoka nilikuwa na njaa. Nilikula maharage, nikaongeza. Mchana ule, na joto lote lile, nililala mdomo wazi kama mtoto.

Hofu haikuisha siku hiyo. Ilipungua polepole, kwa sala, na kwa kurudi kwa daktari.

Mafungo yalipokwisha, Habiba alikuja kunitazama, akaniuliza kwa lafudhi yake ya Kisomali: "Abaayo, dada yangu, umebona?"

"Napona, alhamdulillahi. Na wewe, unalala?"

Alishika mtandio wake. "Wallahi, mimi silali. Hakuna mtu ameniuliza."

Kesho yake tulikwenda kwa daktari pamoja, tukakaa benchi moja.

Namshukuru Mungu, Sista na daktari yule. Nawe unayetetemeka, usione aibu. Sema, na utafute matibabu. Ukianza kupata nafuu, muulize na yule uliyekuwa naye hatarini kama analala.