Mama Uji na Kombe Waliogoma Kula

Saa tatu asubuhi, Mama Uji anapiga magoti kando ya tangi na kuwasalimu watoto wake. Hakuna anayeitikia. Ni kombe wachanga, wale wa baharini wenye magamba mawili, kila mmoja mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na adabu bado hawajafunzwa.

"Leo msiniaibishe," anawaonya.

Ni siku ya kuhesabu. Walianza elfu mbili. Wakipatikana hai chini ya elfu moja na mia tano, bosi wa kituo hiki cha ufugaji ataachana na kombe, na tangi litatiwa samaki.

Jina la Mama Uji alipewa na wenzake kwa sababu ndiye mkorogaji mkuu wa chakula: mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaokuzwa ndani ya machupa chini ya taa. Upo wa kijani, upo wa kahawia.

Wiki tatu zilizopita joto lilipanda, maji yakafika nyuzi ishirini na tisa. Kombe wakalegea. Mama Uji, kwa huruma isiyo na breki, akawaongezea mwani wa kijani maradufu.

"Nilidhani ni njaa, kumbe ni joto," anakiri. "Wewe ukiwa na homa, ukaletewa sufuria nzima, utakula?"

Maji yakachafuka. Kombe wakafunga magamba na kugoma, na karibu mia tano wakaaga dunia bila hotuba.

Akaanza upya: chupa za barafu tangini mpaka nyuzi ishirini na mbili, chakula kidogo kidogo, kijani na kahawia nusu kwa nusu. Barafu aligandisha nyumbani.

"Nafungua friza nitafute nyama, nakutana na barafu ya kombe," analalamika mumewe. "Mke wangu, hata mimi naona joto!"

"Wewe una miguu, baba. Nenda kivulini."

Saa sita mchana bosi anaweka kibano chini. Elfu moja, mia nne tisini na tisa. Amepungua mmoja.

"Bosi," anasema Mama Uji, "usinywe hiyo chai yako iliyopoa."

Kikombeni wamo wawili, waliojirusha kwa kupigapiga magamba wakati wa kuhesabiwa. Wanaokolewa haraka, wanarudishwa majini, na magamba yanafunguka na kufumba tena: wazima. Elfu moja, mia tano na mmoja! Bosi mwenyewe anapiga vigelegele, vibaya sana.

Sasa Mama Uji anaomba tangi la pili, la nyuzi ishirini na nne, aone kombe wanakua haraka wapi.

"Nataka wakulie hapa, wazae hapa hapa," anasema. "Nina haraka ya kuwa bibi."