Kuku wa Sadaka Amerudi kwa Mwenyewe

Leo nimenunua kuku kanisani, na mama yangu amemgawa kabla sijamshika vizuri!

Hapa kwetu Wusi, sadaka ya mazao hupigwa mnada nje baada ya ibada. Kuku alitolewa na Mama Mghoi, jirani ambaye bwanake ameachishwa kazi.

Nikamnunua. Mama akaninyang'anya, akamrudishia Mama Mghoi.

"Siwezi," Mama Mghoi akakataa. "Nimeshampa Mungu."

Watu wanatutazama. Mimi natamani ardhi inimeze.

Mama akacheka.

"Hata mimi nilikataa. Miaka ya themanini, ule mwaka wa njaa, mzee wangu alifutwa kazi kwa shamba la mkonge. Nikaleta hapa kuku wangu wa mwisho. Aliyemnunua akanirudishia. Nikakataa. Mchungaji akaniuliza, 'Mungu akiamua kukupa, utamfunza kugawa?'"

Kisha akaninyooshea kidole: "Mayai ya kuku yule ndiyo yalimlea huyu!"

Mama Mghoi akampokea kuku, analia huku anacheka.

Jamani, huyo ndiye mama yangu. Wenu wako hivyo pia?

Nimelipia kuku, nimerudi nyumbani mikono mitupu, na njia nzima nimetembea kifua mbele.